Nguzo haihamishwi: miaka mitano nikiwa mtu wa maana stooni Nakuru, na cheo hakiji

StooYaNyuma (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Juzi kijana mmoja alinitumia ujumbe akiuliza afanye nini ili wakubwa wamwone kazini. Anasema anaingia wa kwanza, anatoka wa mwisho, na jina lake halitajwi popote. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta namsimulia maisha yangu. Nikaona heri niyamwage hapa mnisahihishe.

Niliingia kazi Nakuru mwaka 2016, kampuni ya kusambaza pembejeo ambayo sitaitaja. Mbolea, mbegu, dawa za kunyunyizia, pampu za mgongoni. Nilianza kwa kupakia na kushusha. Anayeijua biashara hiyo anajua Februari na Machi hakuna kulala. Wakulima wa Molo, Njoro, Kuresoi na Bahati wote wanataka DAP, mbolea ya kupandia, kabla mvua haijashika, halafu mahindi yakifika magotini wanarudi kwa mpigo kutafuta CAN, ya kukuzia. Mgongo wangu hadi leo unakumbuka.

Kilichonitoa kwenye kubeba ni mawe. Nasema mbolea iliyogeuka jiwe. CAN inavuta unyevu. Ukiipanga chini juu ya saruji na kuibana ukutani, mifuko ya chini inashikana, ukiipiga teke unaumia wewe. Mkulima anairudisha, na ana haki yake. Kila mtu pale stooni aliliona hilo jambo. Tulikuwa tunalisema kama watu wanavyosema "leo kuna jua", kisha tunaendelea na chai.

Nikanunua daftari. Kila mfuko uliorudi niliuandika: tarehe, aina, ulitoka upande gani wa stoo. Mwezi ulipoisha nilikuwa na mifuko 43, na 36 ilitoka ukuta mmoja, ule wa upande wa choo uliokuwa ukitoka jasho msimu wa mvua. Nikazidisha kwa bei ya kununulia. Nikampelekea meneja karatasi moja yenye ile hesabu na ombi la paleti 20 za mbao, pamoja na ruhusa ya kuacha nafasi ya mtu kupita kati ya mifuko na ukuta.

Maelezo hakuyasoma. Macho yalishuka moja kwa moja kwenye jumla, akairudia, kisha akauliza, "Paleti zinapatikana wapi?" Mwaka uliofuata nilikuwa mtunza stoo.

Hadi hapo ningeweza kufunga uzi mkanipigia makofi. Shida ni yaliyofuata.

Nilipopewa funguo nilijiambia sitatoka tena. Nikaifanya stoo iwe kichwa changu. Mbegu za aina hii ziko nyuma ya pampu, katoni za dawa inayokaribia kuisha muda ziko juu kushoto, deni la duka fulani la Gilgil liko kwenye daftari dogo ambalo linakaa mfukoni mwangu. Mtu akiuliza, namjibu bila kutazama kitabu, na nilipenda sana kuona anavyoshangaa. Vijana wa mizigo sikuwafundisha kitu. Jumapili napigiwa simu. Siku tunamzika mjomba wangu Molo nilipigiwa simu mara tatu, nikasogea kando ya kaburi kumwelekeza mtu zilipo nozeli. Mke wangu aliniangalia tu. Mimi nilikuwa nahisi heshima.

Desemba 2021, Nakuru imetoka tu kupewa hadhi ya jiji, kampuni ikatangaza inafungua tawi Kisumu. Anatafutwa msimamizi wa stoo, mshahara juu, na posho ya nyumba. Nilianza hata kuulizia vyumba Mamboleo kimyakimya. Januari wakampa kijana aliyenikuta kazini, hana hata miaka miwili, hesabu zake mimi ndiye nilikuwa nazirekebisha.

Nikaenda kwa meneja. Sikupandisha sauti. Nilimuuliza nimekosea wapi. Akaweka kalamu chini, akasema kwa upole kabisa: "Nikikutoa wewe hapa, kesho asubuhi nani atafungua stoo?"

Nguzo ya nyumba inapakwa rangi, wageni wanaigusa na kuisifu, lakini hakuna anayeing'oa kuipeleka nyumba nyingine. Nilikuwa nimejichimbia mwenyewe na kumwaga zege.

Nilinuna karibu miezi mitatu. Nilipochoka kununa nikaanza kujing'oa. Rafu zote nikaziandika kwa rangi, A hadi F, kila moja na namba. Daftari la mfukoni nikalihamishia kwenye Excel ya ofisi, na hapo nilitokwa jasho kwa sababu kulikuwa na madeni ambayo hata mwenye kampuni hakuyajua. Nikamchukua kijana mmoja wa mizigo, mkali wa hesabu kuliko alivyodhani, nikamfundisha kufunga siku: kuhesabu, kulinganisha na risiti, kuandika tofauti bila kuificha. Wiki ya kwanza alikosea kila jioni. Wiki ya nne nilikuwa nasaini tu.

Agosti nikaomba likizo yangu yote, siku 21. Tangu niajiriwe nilikuwa nikichukua mbili, tatu. Siku ya tatu simu ililia mara nne. Siku ya sita mara moja. Siku ya tisa ikanyamaza kabisa. Ile siku ya tisa iliniuma kuliko kukosa cheo, sitawadanganya. Nilikaa kibarazani nikijiuliza kama nimejifukuza kazi mwenyewe.

Mwaka 2023 yule kijana wa Kisumu alipata kazi kwingine. Meneja alinipigia mimi kwanza, na hakuuliza nani atafungua stoo Nakuru. Nawaandikia nikiwa Kisumu.

Nakaribisha mawe.

KondeleHuru

Omera, hadithi tamu, nimeisoma nikiwa kwenye foleni. Lakini wewe ulibahatika mdosi wako ana akili. Wacha nikupe ya kwangu.

Nilifanya kazi kiwanda kimoja hapa Kisumu miaka minne, kibarua wa kulipwa kila Ijumaa. Mashine ya kufunga pakiti ilikuwa ikikwama, mafundi wanatoka Nairobi. Mimi nikaisoma kwa macho mpaka nikajua ikianza kulia vile, ni mkanda umelegea upande wa ndani. Nikawa naitengeneza. Wakanisifu. Siku moja akaletwa kijana, nikaambiwa "mwonyeshe onyeshe". Nikamwonyesha kwa moyo mmoja. Alikuwa mtoto wa dada ya mkubwa. Mwezi wa pili nikaambiwa kazi imepungua.

Sasa wewe unaniambia nimfundishe mtu kazi yangu? Siri ya mashine ndiyo ilikuwa kandarasi yangu. Nilipoitoa, nikabaki mikono mitupu.

NjugunaWaPipeline

Mimi nilijitokeza kazini, nikaonekana vizuri sana. Nikapewa kazi ya watu watatu na mshahara uleule. Sasa najificha.

StooYaNyuma

@KondeleHuru ndugu, hilo nakubali linauma na sina jibu la kulimaliza. Nililolisahau kusema ni kwamba nilipoanza kufundisha nilikuwa tayari na barua ya ajira, na hesabu ya paleti ilikuwa na jina langu na sahihi ya meneja kwenye faili. Wewe ulikuwa na nini kwenye karatasi?

@NjugunaWaPipeline nimecheka, lakini hiyo nayo ilinikuta. Nilipoongezewa kazi ya kupokea mizigo ya dukani nilikaa miezi mitatu nikiandika kila wiki nimepokea malori mangapi, ndipo nikaomba nyongeza. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuomba tarehe 27 wakati mwenye kampuni anatafuta mishahara ya watu. Nenda msimu ukiisha, pesa zimeingia na yeye anacheka.

KondeleHuru

Nilikuwa na kadi ya kupigia muhuri siku nilizofika. Basi.

KaraniMzoefu

Mimi si wakili, ni karani tu wa ofisi ya mawakili hapa Nakuru, kwa hiyo nachukua faili za watu kama KondeleHuru kila wiki. Niseme machache kisha nirudi kwenye ugali wangu.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9, inasema ajira inayofika miezi 3 au zaidi iwe kwa maandishi, na jukumu la kuiandaa hiyo kandarasi ni la mwajiri. Kifungu cha 37 kinahusu vibarua: ukifanya kazi mfululizo siku zikajumlishwa zikafika mwezi mmoja au zaidi, unahesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, na hapo kuna mambo ya notisi, siyo kuambiwa tu Ijumaa "usirudi". Halafu kifungu cha 51, ambacho watu wengi hawakiombi: ukiondoka, mwajiri lazima akupe cheti cha utumishi, ila kama ulikaa chini ya wiki 4 mfululizo. Kinaandikwa ulianza lini, ukaacha lini, na ulikuwa ukifanya kazi gani. Sifa zako siyo lazima aziandike.

Hiyo kadi yenye mihuri, ndugu, usiitupe. Nimeona kadi kama hiyo ikisimama mbele ya hakimu vizuri kuliko mashahidi wawili.

Kuhusu kujitokeza kazini: mtu anayeonekana bila karatasi anaonekana mpaka mkubwa abadilishwe. Mkubwa mpya hakujui.

MpishiWaMilimani

Ngojeni wanaume mnyamaze kidogo, mnasema kama wote tunabeba mbolea.

Mimi ni mpishi hoteli moja hapa Kisumu. Samaki alikuwa na bei moja kwenye menyu. Meza ya 6 analetewa ngege anayejaza sahani, meza ya 7 analetewa wa kiganja, bei ni ileile. Sahani ya meza ya 7 inarudi jikoni na matusi, na anayeyasikia ni mhudumu, maskini. Nikaanza kuwapima asubuhi wanapoletwa kutoka ufuoni, kabla ya kupaa magamba. Trei tatu: wadogo, wa kati, wakubwa. Nilitumia mizani ya unga. Baada ya wiki mbili nilimwambia mpishi mkuu tuweke bei tatu, kila mteja ajue anachoagiza.

Alhamisi kwenye kikao, mpishi mkuu alisimama akasema "nimekuwa nikifikiria suala la samaki". Akalieleza lote, hadi trei tatu. Akapigiwa makofi. Mimi nimeshika chupa ya chai nikiwamiminia.

Sikugombana naye, maana ndiye anayepanga zamu. Lakini tangu siku hiyo wazo langu linatua kwanza kwenye grupu letu la kazi la WhatsApp, asubuhi, na picha: "Chef, hizi ndizo trei tulizozungumza jana, nimejaribu na nyama ya mbuzi pia." Meneja yumo kwenye grupu. Anajisomea.

Na lingine ambalo StooYaNyuma hawezi kulijua. Nilipopandishwa kusimamia zamu ya asubuhi, wiki haikuisha kabla sijasikia kwamba nalala na meneja. Mwanaume akijitokeza anaitwa mchapakazi. Mimi nikijitokeza wanahesabu ni saa ngapi nilitoka ofisini. Kwa hiyo nikienda kuongea na meneja naacha mlango wazi, na naenda na daftari hata kama sina la kuandika. Kina dada mnaoingia kazi sasa, mjipange na hilo mapema.

NjugunaWaPipeline

Dada, hiyo "Chef, tulizozungumza jana" ni kisu kimefungwa kwenye leso.

MpishiWaMilimani

Mwenyewe aliijibu kwa kidole gumba. Nikalala usingizi mzuri.

FundiKakamega

Kwa sisi wa gereji hakuna meneja wa kupelekewa karatasi. Mdosi wangu hajui Excel wala hataki. Nilikuwa fundi wa mikono mizuri miaka saba, wateja wananiuliza mimi kwa jina, na bado nalipwa kama aliyekuja jana. Nikaenda kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, unaanza gredi ya 3, ya 2, halafu ya 1. Wana kituo Kisumu. Pale hawakuulizi ulisoma shule gani, unapewa kazi unaifanya wakikuangalia, na kuna maswali ya kuandika.

Niliporudi na cheti mdosi alisema "karatasi haifungui nati". Sawa. Lakini kampuni moja ya magari ya sukari ilipokuja kutafuta fundi wa kudumu, kwenye gereji nzima mwenye karatasi alikuwa mmoja. Mdosi aliniongeza siku hiyohiyo ili nisiende. Nikaenda.

MwalimuBungoma

Huku serikalini mambo ni tofauti, msiwachanganye vijana. Unaweza kung'aa kama taa ya karabai, lakini kama nafasi haijatangazwa hupandi. Kuna ngazi, kuna miaka ya kukaa kwenye ngazi, kuna usaili. Wenzangu waliopanda ni wale ambao nafasi ilipotangazwa faili zao zilikuwa kamili: vyeti vimethibitishwa, barua zote zipo, fomu za tathmini za kila mwaka zimesainiwa. Walio bora darasani walikuwa wanakimbizana kutafuta barua ya mwaka wa kuajiriwa siku mbili kabla ya mwisho wa maombi.

MsimamiziNaka

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi niko upande mwingine wa meza, nina watu 14 chini yangu, usafirishaji, hapa Nakuru. Niwaambie ninachokiona, kwa sababu mnajaribu kukisia.

Kuingia mapema sikuoni. Samahani. Nafika saa mbili, nawakuta wote. Kuchelewa kutoka wakati mwingine kunanitia wasiwasi, najiuliza huyu kazi yake imemshinda au anangoja wenzake waondoke.

Ninayemkumbuka ni anayeniletea habari mbaya mapema. Mwaka jana dereva wangu mmoja alinipigia saa kumi na mbili asubuhi akiwa Salgaa: "Bosi, breki hazinipendezi, nimeegesha, mzigo utachelewa." Nilikasirika. Mteja alikuwa Busia na alishanipigia mara mbili. Lakini kufikia saa tatu nilikuwa nimetuma lori lingine, na mteja nikamwambia ukweli akiwa bado na nafasi ya kujipanga. Dereva mwingine wiki hiyohiyo alinyamaza na tatizo la tairi hadi saa kumi jioni, akiomba Mungu. Mnajua Salgaa ni barabara gani, ajali haziishi. Nafasi ya mkuu wa madereva ilipopatikana sikuhitaji kikao.

Na StooYaNyuma, meneja wako alikosea. Alikuwa na mwaka mzima wa kukwambia "tafuta wa kukurithi" na hakusema, kwa sababu ulimfanyia maisha yawe rahisi. Nami nimewahi kumfanyia mtu hivyo. Msitungoje tuwaambie.

KondeleHuru

@MsimamiziNaka na yule aliyeleta habari mbaya akafukuzwa? Maana mimi nilisema mkanda utakatika, nikaambiwa nina mdomo.

MsimamiziNaka

Wapo wakubwa wa hivyo. Ukimpelekea habari mbaya mara mbili na mara zote akakugeukia wewe badala ya tatizo, umeshajua unafanya kazi kwa nani. Anza kutafuta pengine ukiwa bado na mshahara.

KondeleHuru

Sawa mkubwa. Kwa sasa niko kiwanda kingine, kidogo, mwezi wa saba huu, bado kibarua. Na mashine ya hapa naijua tayari.

StooYaNyuma

@KondeleHuru basi hii usiianze kwa mashine. Anza kwa barua. Omba kandarasi kwa maandishi kwanza, kama karani alivyosema, kwa lugha ya heshima, bila kutaja vifungu. Andika umefanya nini ndani ya hiyo miezi saba: mashine ilikwama mara ngapi kabla yako, mara ngapi sasa. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwako na muhuri wa kupokelewa. Akikupa barua ya ajira, mfundishe unayetaka. Asipokupa, umejua mapema, na siri ya mkanda bado ni yako.

KaraniMzoefu

Na tarehe. Watu wanasahau tarehe.

NjugunaWaPipeline

Nami naomba ushauri wa bure. Nimejificha vizuri hadi leo nimesahauliwa kwenye orodha ya fulana mpya za kazi.

MpishiWaMilimani

Toka mafichoni kidogo, kiasi cha fulana.

KondeleHuru

(baada ya siku kumi na moja)

Nimerudi. Niliandika ile barua, mpwa wangu wa kidato cha nne akanisaidia Kiingereza. Nilipeleka Jumatatu. Sikuwa nimewahi kuhesabu: kabla sijaja mashine ilikuwa ikisimama karibu kila siku ya pili, kwa mujibu wa kitabu cha zamu chenyewe. Mwezi uliopita ilisimama mara mbili.

Mkubwa alisoma akiwa amesimama. Akauliza, "Nani amekuandikia?" Nikamwambia Kiingereza ni cha mpwa wangu, hesabu ni zangu. Akasema tutaona, akaiweka kwenye droo.

Karani wake aligonga muhuri kwenye nakala yangu, nikamwomba aandike na tarehe. Iko hapa chini ya godoro, pamoja na ile kadi ya zamani.

KaraniMzoefu

Piga picha zote mbili leo, ujitumie kwenye barua pepe. Godoro lina kunguni na panya.